Sura ya Tano: Kuvunja Ukuta kwa Hesabu

Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi Mafinga, mji uliokaa juu ya nyanda za Mufindi zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya hata Zambia, hujengwa kwa matofali ya kuchoma au ya saruji, zikapigwa lipu laini, zikatandikwa vigae sakafuni, zikawekwa dari ya jipsamu na madirisha ya vioo; na mwenye nyumba akiisha kuhamia, akaweka sebuleni spika mbili na amplifaya alivyovinunua kwa jasho lake, hustaajabu kusikia kwamba muziki uliokuwa mtamu dukani umegeuka nyumbani kwake kuwa mkali wenye kuparuza, na kila neno la mwimbaji linafuatwa na mkia wa sauti usiokuwamo katika wimbo. Aghalabu lawama humwangukia aliyeuza spika. Spika hurudishwa dukani, zikaletwa nyingine za bei kubwa zaidi, na mambo yakabaki yale yale, ilhali mkosaji amesimama pale pale pande zote nne za chumba, naye ni ukuta.

Tuuchunguze ukuta huo kwa insafu. Sauti ni mtikisiko wa hewa, na mwendo wake hautegemei wepesi wa hewa ya milimani, kama wengi wadhanivyo, bali hutegemea joto: Dar es Salaam, hewa ikiwa na nyuzi 30, sauti huenda mita 349 hivi kwa sekunde, na Mafinga, hewa ikiwa na nyuzi 15, huenda mita 340. Basi katika sebule yenye upana wa mita 4, sauti iliyotoka ukuta mmoja hufika wa pili na kurudi ilikotoka kabla sehemu 24 za elfu za sekunde hazijatimia. Na kwa kuwa lipu laini haifyonzi sauti ila kidogo mno, safari hiyo hukaririwa mara zipatazo 42 kwa sekunde, mpaka nguvu yake iishe. Simama katikati ya chumba kitupu, piga kofi moja, na masikio yako yatapata mlio wa kutetemeka, mkavu, kama wa chuma, ambao si kofi lenyewe wala si mwangwi wa bondeni: ni kuta mbili zinazotupiana sauti moja. Helmut Haas, katika tasnifu yake ya mwaka 1949 huko Göttingen, Ujerumani, alithibitisha kwamba sauti mbili zinazofuatana kwa muda mfupi kiasi hicho sikio huzihesabu kuwa moja, na likauamini upande wa ile iliyotangulia. Lakini kuunganisha huko si kusamehe, maana sauti ya pili huingia ndani ya ile ya kwanza na kuibadilisha tabia, kinanda kikapoteza ulaini wake na herufi za midomo na meno zikapoteza makali yake.

Dawa ambayo kila mtu huijia kwa akili yake mwenyewe ni kitambaa: pazia zito, zulia, magodoro, na hata mablanketi ya kutundika ukutani, ambayo Mafinga hayakosekani nyumbani kwa sababu ya baridi. Dawa hii ina nasaba tukufu. Mwaka 1895 Wallace Clement Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipewa kazi ya kuuponya ukumbi wa mihadhara wa jumba la Fogg, ambamo sauti iliyotamkwa iliendelea kuvuma kwa sekunde 5 na nusu hata mhadhiri asifahamike. Naye akafanya kazi usiku, mji ukiwa umetulia, akihamisha mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, akaipanga, akasikiliza, akapima muda wa mvumo kila alipozidisha mito mingine, kisha akairudisha yote kabla ya asubuhi. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kanuni inayotumiwa na wajenzi mpaka leo, kwamba muda wa mvumo hukua kwa ukubwa wa chumba na hupungua kwa wingi wa vitu vifyonzavyo sauti.

Walakini kitambaa kina upungufu wake, na upungufu huo ni mkubwa kuliko unavyosemwa na wauzao mapazia. Wimbi la sauti nyembamba ya filimbi lina urefu wa sentimita chache, nalo hunaswa na pazia. Wimbi la besi lina urefu wa mita kadhaa, nalo hulipita pazia kana kwamba halipo. Mwenye nyumba anayejaza vitambaa ili auondoe ukali huondoa sehemu ya juu ya muziki peke yake, akaachiwa sehemu ya chini ikivuma vile vile, na chumba chake kikawa kizito, kimebana, chenye kumchosha msikilizaji hata hajui kwa nini ametaka kutoka nje. Kwa maoni yangu chumba cha namna hiyo ni kibaya kuliko kile kitupu, kwa sababu kitupu hueleza ugonjwa wake waziwazi, na hiki huuficha.

Watu wa pwani walikuwa na ukuta wa namna nyingine zamani, ijapokuwa hawakuukusudia kwa ajili ya muziki. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate zilizojengwa na matajiri wa karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulipambwa kwa safu juu ya safu za vidaka vya chokaa iliyonakshiwa, na vyombo vya kaure vilivyotoka Uchina vikapangwa humo. Na juu, dari ilibebwa na boriti za mikoko zilizolazwa kwa nafasi, ambazo urefu wake ndio uliolazimisha vyumba viwe vyembamba, upana wake usizidi mita 3 hivi. Mgeni akiingia humo huona adhama na pambo. Sauti ikiingia hukuta ukuta usio bapa: sehemu yake hugota kwenye ukingo wa kidaka, sehemu huzama ndani na kugota nyuma, sehemu hukutana na mviringo wa boriti, na kila moja hurejea kwa wakati wake na kwa njia yake. Chokaa ile ni ngumu, haifyonzi kitu cha kutajwa, na hata hivyo haiwezi kuirudisha sauti kwa pigo moja kama ukuta bapa ufanyavyo. Nguvu imebaki chumbani, imetawanyika kama nuru ya jua juu ya maji yenye viwimbi, na hicho ndicho tunachokitafuta katika sura hii.

Lililobaki lilikuwa kujua kidaka kiwe na kina gani na kifuatwe na kidaka cha kina gani, na jibu lilitoka mahali ambapo hapana aliyelitarajia. Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati wa Göttingen, mwaka 1801, akiwa na umri wa miaka 24, alichapisha kitabu chake kikuu juu ya tabia za namba nzima, na humo akaeleza kwa tafsili mabaki yapatikanayo mtu akigawa vipeo vya pili kwa namba tasa. Ilikuwa elimu safi, isiyokuwa na kazi yoyote sokoni. Zaidi ya miaka 170 baadaye Manfred Schroeder, mwanafizikia Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1926, aliyefanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani na kisha akawa profesa Göttingen, alikuwa amechunguza pamoja na wenzake kumbi kubwa za muziki za Ulaya, wakachapisha matokeo mwaka 1974, na wakaona kwamba wasikilizaji hupenda zaidi kumbi ambazo sauti huwafikia kutoka ubavuni, ikawa tofauti kidogo katika sikio la kulia na la kushoto, kuliko zile ambazo humwagwa kutoka dari moja kwa moja. Akajiuliza ni sura gani ya dari au ya ukuta ingeichukua sauti ijayo kwa upande mmoja na kuirudisha pande zote kwa nguvu iliyo sawa. Mwaka 1975 alitoa jibu la kwanza, na mwaka 1979 la pili lililo bora, ambalo mabaki ya Gauss ndiyo roho yake.

Hesabu yenyewe haimshindi mtoto wa darasa la sita. Chukua namba tasa, tuseme 7. Andika 0, 1, 2, 3, 4, 5, 6. Zidisha kila moja kwa nafsi yake, upate 0, 1, 4, 9, 16, 25, 36. Gawa kila jawabu kwa 7, tupa hisa, ushike baki peke yake, na mbele yako zitasimama tarakimu hizi: 0, 1, 4, 2, 2, 4, 1. Hivyo ndivyo vina vya mifereji saba iliyosimama bega kwa bega, ikatengwa na viambaza vyembamba. Wimbi likiupiga ubao wenye mifereji hiyo, kila mfereji hulichelewesha kwa kadiri ya kina chake, kwa sababu sauti hulazimika kushuka hadi chini na kupanda tena, na mfereji wenye kina cha sentimita 18 huichelewesha kwa sehemu moja hivi ya elfu ya sekunde. Mawimbi madogo saba hutoka yakiwa yamepishana, yakakutana mbele ya ubao, na mpishano ule, kwa tabia ya ajabu ya mabaki yale, huigawa nguvu katika pande mbalimbali kwa usawa. Kina kikipangwa kwa kubahatisha, ubao utatawanya kiasi. Kikipangwa kwa hesabu hii, mtu anajua kabla ya kushika msumeno utaanza kufanya kazi wapi na utaishia wapi.

Sasa twende kwa seremala, na hapa mkazi wa Mafinga ana neema ambayo mkazi wa Dar es Salaam huinunua kwa nauli. Shamba la Miti la Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya serikali nchini, lililoanza kwa majaribio kabla ya uhuru na kupanuliwa sana katika miaka ya 1970, limeuzunguka mji huu kwa misindano na milingoti. Viwanda vya kupasua mbao na vya plaiwudi vipo kila upande, na mabanzi na vipande vya mbao vilivyokatika mwishoni hurundikwa nje vikingoja moto. Usidanganyike kutafuta mninga kwa kazi hii. Sauti haisomi jina la mti: inachotaka ni uso mgumu, mzito wa kutosha, usiotikisika, na msindano uliokauka unatosha kabisa. Neno la kutiliwa mkazo ni kukauka. Mbao inayotoka kwenye msumeno leo imejaa maji, na ukiigundisha hivyo itajikunja katika kiangazi cha kwanza, viungo vitaachia, na mapengo yatafyonza sauti uliyotaka kuitawanya; basi ipangwe kivulini juu ya vijiti, hewa ipite kati ya ubao na ubao, mpaka uzito wake upungue mkononi. Madoa ya bluu yaletwayo na kuvu yasikuogopeshe, maana huharibu sura tu. Vifundo vinavyotoa utomvu viepukwe, kwa kuwa gundi haishiki juu yake.

Vipimo ninavyovipendekeza vimefuata upana wa mbao zilizoko, ili fundi asipoteze kitu. Chukua plaiwudi ya milimita 9, yenye futi 8 kwa 4, uipasue kwa urefu iwe mikanda sita ya sentimita 20, kisha kila mkanda uukate katikati: utapata viambaza 12 vyenye urefu wa sentimita 122. Kitawanya sauti kimoja, yaani ubao mmoja wa mifereji saba, huhitaji viambaza 8, basi plaiwudi mbili hutosha kwa vitatu. Kati ya kiambaza na kiambaza acha nafasi ya sentimita 5, na katika nafasi hiyo ulaze ubao wa msindano wa unene wa sentimita 2, uwe ndio sakafu ya mfereji. Kipimo kimoja cha kina kiwe sentimita 4 na nusu. Kwa hiyo vina vya mifereji, kutoka ukingo wa mbele, ni 0, 4.5, 18, 9, 9, 18 na 4.5, na ule wenye kina cha 0 sakafu yake iwe sawasawa na uso. Kiambaza ni kitu chepesi lakini kisiachwe, kwa sababu ndicho kinachozuia sauti ya mfereji mmoja isivuje katika mwingine, na ukikitoa hesabu yote huvurugika. Kila kiungo kitiwe gundi ya mbao, kikazwe kwa misumari myembamba, na pengo lolote linaloonekana lizibwe kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Piga msasa, paka vanishi au rangi, na mpe fundi hadhari asijaze mifereji sponji wala kitambaa kwa kudhani kwamba anaongeza uzuri.

Ubao uliojengwa hivyo huanza kazi yake karibu na hezi 540, yaani mitikisiko 540 kwa sekunde, na huendelea nayo kwa utii wa hesabu mpaka hezi 3,400, mahali ambapo upana wa mfereji unakuwa sawa na nusu ya wimbi. Juu ya hapo bado hutawanya, ila si kwa usawa ule. Mtu asione eneo hilo kuwa dogo. Simu za zamani zilipitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 peke yake, na watu wakaelewana, wakagombana na kuposa kwa njia hiyo. Ni kusema kwamba sehemu kubwa ya maneno ya binadamu na ya nyimbo zake imo humo.

Kuna namna ya pili, ambayo naipenda zaidi kwa watu wa Mafinga kwa sababu huokoa vipande vinavyochomwa. Badala ya mifereji mirefu, chora miraba 49, saba kwa saba. Kila mraba uupe tarakimu mbili, ya safu yake na ya mstari wake, kuanzia 0 mpaka 6. Zidisha kila moja kwa nafsi yake, jumlisha, gawa kwa 7, shika baki. Baki ndiyo inchi za kipande cha mbili kwa mbili kitakachosimama juu ya mraba huo. Ajabu ya hesabu hii ni kwamba mraba mmoja tu, ule wa pembeni wa kwanza, ndio hubaki mtupu, na urefu wa inchi 1, 2, 3, 4, 5 na 6 kila mmoja hutokea mara 8 kamili. Jumla ya mbao yote ni inchi 168, yaani futi 14, mbali na ile inayogeuka unga chini ya msumeno, na kijana mwenye bidii anaweza kuikusanya yote katika mabaki ya fundi bila ya kununua ubao mzima. Kitawanya sauti hicho, chenye upana wa sentimita 36 hivi, huanza kazi juu zaidi kuliko kile cha kwanza, karibu na hezi 950, lakini hutawanya kulia, kushoto, juu na chini kwa pamoja, ilhali kile cha mifereji iliyosimama wima hutawanya kulia na kushoto tu. Kimoja peke yake ni pambo; vikiwa sita au zaidi kwenye ukuta mmoja, huanza kusikika.

Mahali pa kuviweka ni jambo linaloharibiwa na wengi. Wa kwanza kushughulikiwa ni ukuta ulio nyuma ya msikilizaji, kwani ndio unaompiga kisogoni kwa sauti iliyotoka kwenye spika moja kwa moja. Lakini kati ya kichwa chake na ubao pawe na mita 2 walau, maana mawimbi yatokayo katika mifereji huhitaji nafasi ya kukutana kabla hayajafika sikioni, na mtu akikaa karibu mno husikia kila mfereji ukisema peke yake. Mwenye chumba kifupi, ambaye kiti chake kimegusa ukuta wa nyuma, asijisumbue kujenga: aweke hapo godoro nene lililovikwa kitambaa, au asogeze kiti mbele. Kwa kuta za ubavuni, keti mahali pako, mwambie mwenzio atembeze kioo cha kujitazamia juu ya ukuta, na palepale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga kwanza. Hapo yafaa kufyonza kidogo au kutawanya, kwa kadiri ya upana wa chumba. Kabati la vitabu vya ukubwa mbalimbali, vilivyosukumwa kwa kina kisicho sawa, husaidia kuliko watu wanavyodhani, nami ningemshauri asiye na seremala aanze na hilo.

Besi ni jambo la kando, na anayekuahidi kwamba ubao wa sentimita 20 utaiponya hasemi kweli. Katika chumba cha mita 5 kwa 4 chenye kimo cha mita 3, mawimbi ya hezi 34, 43 na 57 hivi hujenga makao yao kati ya kuta, yakazidi mahali pamoja na kutoweka mahali pengine, nayo hayatibiwi ila kwa vifyonzaji vinene vya pembeni na kwa kuhamisha spika na kiti kidogo kidogo mpaka uwiano upatikane.

Huenda msomaji akauliza kama taabu hii ina haki, hali watu wana mahitaji mengine. Nasema ina haki. Urithi wetu mkubwa umo katika sauti: Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alisafiri kutoka Unguja mpaka Bombay mwaka 1928 ili sauti yake itiwe katika santuri; Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki, alizunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma na zeze za makabila, na rekodi zake hutunzwa Afrika Kusini; bendi za dansi zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, katika miaka ya 1960 na 1970, wapigaji wote wakipiga kwa wakati mmoja, hivi kwamba magitaa, tarumbeta, ngoma na hewa ya chumba kile vimo pamoja katika kanda moja. Anayeisikiliza rekodi ya namna hiyo katika sebule inayopiga kelele husikia vyumba viwili vikigombana, cha Dar es Salaam cha zamani na chake cha leo, na chake ndicho hushinda. Sauti ya kuta zake ikiisha kutawanywa kwa hesabu, chumba chake hunyamaza juu ya habari zake mwenyewe, na gitaa la mwanamuziki wa dansi Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, husikika likiwa na nafasi kati ya nyuzi zake.

Na manufaa haya yasiishie sebuleni. Mafinga inajenga makanisa, misikiti, madarasa na kumbi za harusi kila mwaka, karibu vyote vya kuta bapa na paa la bati, ambamo mhubiri hulazimika kuongeza vipaza sauti kwa sababu waumini hawamfahamu, na kila kipaza sauti kikiongezwa hawamfahamu zaidi. Nawaomba wajumbe wa kamati za ujenzi, kabla ya kutenga fedha za spika nyingine, watenge sehemu ndogo ya fedha hizo kwa ajili ya plaiwudi, gundi na siku chache za fundi, na wampe ukuta wa nyuma aanze nao.